Bendera Nusu Mlingoti

Kabla hajazima injini, Vibeke Thorup aliiona bendera. Ilikuwa imekwama nusu mlingoti juu ya bustani ya nyumba ya matofali mekundu, inapepea kivivu kwenye upepo wa Novemba. Katika mji wa Lindebæk hakuna mtoto wa chekechea asiyejua maana ya bendera iliyoishia katikati. Mtu amefariki.

Kwenye redio ya polisi walimwambia msichana amepotea. Hakuna aliyetaja kifo.

Kresten Holm, polisi wa doria aliyefika kabla yake, alikuja akainama dirishani. Kresten ni mtu mzima, baba wa mabinti, mwenye roho safi na mdomo usio na breki.

"Nani kafa?" Vibeke akamwuliza.

"Hajafa mtu. Binti katoroka tu. Wasichana wa nyumba hizi hutoroka kila mara, unajua mwenyewe."

"Na hiyo bendera?"

"Nimeikuta hivyo. Nikadhani ni mambo yao ya ndani."

Vibeke alishuka. Ana miaka ishirini katika upelelezi, na amejifunza kwamba jambo ambalo kila mtu anadhani ni la mwenziwe ndilo la kuanza nalo. Akavuka majani yaliyolowa kuelekea kwenye mlingoti.

Mwanamke mnene wa makamo alikuwa amesimama hapo na soksi tupu, maji yamempanda hadi vifundoni, krimu ya keki imemkaukia mkononi. Huyo alikuwa Gudrun Dalsgaard, msimamizi wa nyumba hiyo ya hifadhi ya wasichana. Alikuwa anaitazama bendera kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Nani ameishusha hivi?" aliuliza. "Sisi hatukuishusha hivi." Akanyoosha mkono kuishika kamba.

"Usiguse, Gudrun," Vibeke akamwambia taratibu. "Anza mwanzo. Nani hayupo?"

Hayupo Sidsel Krogh. Alikuwa anatimiza miaka kumi na saba siku hiyohiyo. Amekaa katika nyumba hiyo tangu mwanzo wa vuli, alipofika mkono wake wa kushoto umefungwa plasta. Mwenye kuuvunja ni Preben Krogh, baba yake wa kambo, na Jumatatu Sidsel alikuwa anakwenda kutoa ushahidi dhidi yake. Mahakama ilikwisha kumpiga Preben marufuku kumkaribia. Bila maneno ya Sidsel hakuna kesi, maana mama yake alisema mtoto aliteleza bafuni.

"Tulikata keki," Gudrun akasema. "Tukaimba. Nikaenda kuosha vyombo. Nilipotoka jikoni hayupo. Niliita juu, niliita chini. Vibeke, nilidhani yuko chooni."

"Umekwisha kusikia," Kresten akadakia. "Jumatatu imekaribia, binti kaogopa, kajiondokea."

Vibeke aliingia hadi mlangoni tu. Kwenye ubao wa viatu, kati ya viatu vya wenzake, palikuwa na buti nyeusi. Gudrun akathibitisha ni za Sidsel. Koti lake lilining'inia juu yake, kofia ya sufu ikichungulia mfukoni.

"Katoroka na soksi?" Vibeke aliuliza. "Novemba hii?"

Kresten akakuna shingo.

"Kuna kiatu gani kilichopungua hapa?"

Gudrun alitazama, akatazama tena. "Viatu vyangu vya mti. Vya bustani. Kila mtu anavivaa akitoka kidogo."

Akitoka kidogo. Vibeke alirudi nje, macho chini. Kiatu kimoja cha mti alikiona karibu na ua wa vichaka, kimelala kifudifudi. Kutoka kwenye mlingoti hadi pale majani yalikuwa yamelala mistari miwili, mistari ya visigino vinavyovutwa. Zaidi ya ua kulikuwa na kichochoro cha lami. Akachuchumaa chini ya mlingoti, akaiangalia kamba bila kuigusa. Kwenye ndoano ya chini inapofungwa ilikuwa imefunguliwa kwa adabu, mzunguko baada ya mzunguko, na mtu anayejua kazi. Lakini juu ilikuwa imejinyonga kwenye gurudumu la kapi.

"Alikuwa anaishusha," Vibeke alisema. "Aliishusha vizuri hadi katikati. Hapo kamba ikaachiwa ghafla, ikakwama. Hakuna aliyeweka bendera nusu mlingoti, Kresten. Mtu alinyakuliwa akiwa kazini."

Kresten alivua kofia, kisha akaivaa tena. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Preben yuko wapi?"

"Hilo nimelifanya," Kresten alisema kwa haraka. "Gari lake liko uani kwake, boneti baridi, halijatoka leo. Mkewe anasema yuko kazini na mwanafunzi. Vibeke, Preben ndiye aliyefundisha nusu ya mji huu kuendesha. Mimi mwenyewe alinifundisha yeye. Na hata kama ni yeye, kajuaje nyumba?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na ndilo lililomwingiza Vibeke ndani.

Mji mzima ulijua kwamba nyumba ya hifadhi ipo. Haukujua ipo wapi. Mlangoni hapakuwa na jina. Barua zilipokelewa kwenye ofisi ya manispaa. Teksi ziliwashusha wasichana dukani, na Gudrun mwenyewe akawatembeza kwa njia za nyuma. Majirani waliambiwa ni wasichana wa kozi. Wazazi hawakuambiwa kitu, na simu zote zilikaa kwenye kabati la ofisini, zimezimwa. Hata mchungaji wa kanisa, anayewaletea mboga, huziacha getini kwa jirani wa mtaa wa pili.

"Tumekaa hapa miaka tisa," Gudrun alisema. "Hajawahi kubisha hodi mtu asiyetakiwa. Hata mmoja."

"Basi leo kuna mtu kasema. Nani aliye mpya?"

"Hakuna mpya. Wafanyakazi ni mimi na Tove, na Tove yuko likizo kwa dada yake. Wasichana ni wawili tu wiki hii."

Sebuleni, meza ilikuwa bado imetandikwa. Vikombe vya chokoleti ya moto, mikate midogo, vibendera vya karatasi vilivyochomekwa kila mahali. Katikati alilala mtu wa keki, mrefu kama sinia lake, ana vifungo vya peremende na nywele za pipi nyeusi. Shingo yake ilikuwa imekatwa na kisu kimeachwa palepale. Siku nyingine Vibeke angecheka, maana hakuna mtoto wa nchi ile asiyekatiwa mtu wa keki siku yake ya kuzaliwa, shingo kwanza, huku wenzake wakimpigia kelele kana kwamba wanachinjwa wao. Leo hakuweza kuutazama ule mkato. Akageuza uso.

Msichana wa pili alikuwa amejikunyata kwenye kochi, magoti kidevuni. Jina lake Maiken, mdogo kuliko Sidsel, macho yamevimba. Vibeke alipomkaribia, kitu kilitetemeka ndani ya kopo la biskuti lililokuwa pembeni yake. Kilitetemeka tena. Maiken hakusogea, ila rangi ilimtoka.

Vibeke alifungua kopo. Simu.

"Maiken," Gudrun akasema. "Mwanangu, hapana."

"Unampigia nani kwa hii?" Vibeke aliuliza.

"Hakuna."

"Rafiki yako kachukuliwa bustanini, na wewe una simu ya siri. Sina muda wa kubembelezana. Ulimwambia nani mko wapi?"

"Sikumwambia mtu!"

"Ulimtumia nani picha ya keki? Ya bendera? Ulisimama dirishani ukapiga picha ya mtaa?"

"Sikupiga picha yoyote." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye magoti. "Ni bibi yangu tu. Ni mgonjwa. Akinikosa siku moja anadhani nimekufa."

Vibeke alibonyeza namba iliyokuwa inaita. Ilikuwa namba moja tu, imejirudia chini mpaka mwisho. Upande wa pili ikaitika sauti ya bibi kizee, imechoka, haina hata salamu: "Mjukuu wangu, umekula?"

Vibeke alishusha simu polepole. Alimrudishia Maiken mkononi, na Maiken akaongea na bibi yake kwa sauti ya chini, akamwambia amekula, amekula keki. Hayo ndiyo matunda ya kumkaba mtoto koo kwa sababu umekosa wa kumkaba. Vibeke alijichukia kidogo, na hakuwa na nafasi ya kujichukia zaidi.

Maiken alipokata simu alikuwa amebadilika. Hasira ilikuwa imemnyoosha mgongo.

"Mnanitafuta mimi," alisema. "Mbona hammuulizi yeye? Sidsel alimwambia jana hataki bendera. Nilikuwepo. Alisema keki sawa, nyimbo sawa, bendera hapana."

Vibeke akamgeukia Gudrun.

"Wote husema hivyo," Gudrun alijibu. Alisema kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. "Utasikia: msijisumbue. Utasikia: mimi si mtu wa kufanyiwa sherehe. Wanafika hapa wamezoea kujiona mzigo, Vibeke. Mimi nawapandishia kila mmoja siku yake ya kuzaliwa, kama wafanyavyo nyumba zote, hata akikataa. Asubuhi wakifungua pazia wanaiona, wengine wanalia. Ni bendera ya mtoto wa nyumbani. Nataka wajue kwamba hapa wao ni watoto wa nyumbani."

"Na Sidsel alilia?"

Gudrun alifikiri. "Hapana. Alisimama tu dirishani, muda mrefu. Halafu akashuka akanikumbatia."

Vibeke alilisikia, akaliweka akilini, wala hakujua bado ni la kufanyia nini. Akatoka kwenda kwa jirani.

Ng'ambo ya ua, mzee Egon Bruus alikuwa anakusanya majani makavu kwa reki. Alikuwa mpaka rangi mstaafu, mcheshi, mwenye kofia ya masikio. Alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

"Umesikia kelele yoyote mchana huu, Egon?"

"Nimezisikia sana. Walipiga kelele haswa, mpaka paka wangu akaingia chini ya baiskeli."

"Saa ngapi?"

"Walipokuwa wanakata shingo." Akatabasamu. "Nilijua tangu asubuhi leo kuna sherehe kwa mabinti wa kozi. Nilipofungua mlango niliona bendera iko juu. Nikasema haya, leo kuna aliyezaliwa. Hii ni siku ya kazi tu, mfalme hakuzaliwa leo, hakuna sikukuu. Mtaa mzima bendera ni moja."

"Kelele ilikuwa moja?"

"Kwanza ile ya wote. Baadaye kidogo ikaja ya mmoja, fupi. Nikasema huyo kachelewa kukata kipande chake."

Egon mwenyewe ndiye aliyeyasikia maneno yake kwanza. Reki ilimponyoka ikaangukia kwenye lundo la majani.

"Ilikuwa si keki," alisema.

"Ulitazama?"

"Kwa nini nitazame? Bendera iko juu, watoto wanakata keki. Nilicheka peke yangu hapa, nikaendelea na majani." Alivua kofia. "Nilicheka, mama."

"Kulikuwa na gari?"

"Hapana. Hakuna gari la mgeni."

"La mwenyeji je?"

"Lilikuwepo la shule ya udereva tu, kichochoroni. Hilo si gari, hilo liko mitaani siku zote, linanyata, linaegesha, linarudi nyuma. Hata hulioni."

Vibeke alikigeukia kichochoro.

"Ulimwona mwanafunzi?"

Egon alifumba macho kujikumbusha. "Mwalimu nilimwona. Alikuwa peke yake, kakaa tu. Nikadhani anamngoja mtu." Akafumbua macho. "Asubuhi pia alipita. Alisimama pale kidogo, akatazama juu. Akanipungia mkono. Nami nikampungia."

Akatazama juu. Vibeke naye akainua uso. Kutoka pale kichochoroni nyumba haikuonekana vizuri, ilizibwa na vichaka na paa la banda la baiskeli. Kilichoonekana ni mlingoti, na juu ya mlingoti kitambaa chekundu chenye msalaba mweupe, peke yake juu ya mapaa yote.

Hapo ndipo lilipomwingia, lote kwa pamoja, na akabaki mdomo wazi kichochoroni kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Hakuna aliyesema. Si Maiken, si Tove, si mtu wa manispaa. Preben hakuhitaji kuambiwa. Alichokijua ni kwamba nyumba ipo mjini na kwamba siku ya kuzaliwa ya Sidsel ni leo. Alihitaji kungoja ifike, kisha azunguke mitaa yote asubuhi, polepole, ndani ya gari pekee ambalo hakuna anayeshangaa likienda polepole, akitafuta bendera isiyo na sababu.

Na kulikuwa na la pili, baya zaidi. Bendera hailali nje. Ikipandishwa asubuhi lazima ishushwe kabla jua halijazama. Anayeiacha gizani anasemwa mtaa mzima. Preben hakuwa na haja ya kubisha mlango. Alijua jua likielekea kuzama, mtu atatoka kwa miguu yake.

"Gudrun," aliita, akijua Gudrun yuko upande wa pili wa vichaka, kwa maana alimsikia anapumua. "Nyumbani kwao nani alikuwa anashusha bendera?"

"Sidsel. Alinihadithia. Preben alimfundisha tangu mdogo. Ikigusa chini, alikuwa..."

Vibeke alizunguka ua akamkuta Gudrun amekaa chini, kwenye majani yaliyolowa, miguu mbele yake kama mtoto. Macho yake yalikuwa kwenye mlingoti.

"Miaka tisa nafunga mapazia," Gudrun alisema. "Kisha nikamwekea alama juu ya paa. Mimi ndiye niliyemwita, Vibeke."

Vibeke hakumwambia si kweli, kwa sababu ilikuwa kweli. Alimshika mkono akamwinua. "Vaa viatu. Chukua na vya Sidsel. Atataka kuona uso anaoujua."

Ndani ya gari alimpigia simu Dorthe Krogh, mama yake Sidsel. Kresten aliendesha, hajui bado aelekee wapi, akaelekea katikati ya mji. Gudrun alikaa nyuma na zile buti nyeusi mapajani.

"Nimekwisha mwambia mwenzako," Dorthe alisema. "Preben ana somo. Uwanja wa utelezi."

"Na mwanafunzi gani?"

"Hakunitajia."

"Dorthe, leo ni siku ya kuzaliwa ya mwanao. Preben alisema chochote?"

Upande wa pili palikuwa na mlio wa kijiko kwenye kikombe. Kikakoma.

"Alisema asubuhi, akinywa kahawa. Alisema, leo kuna mahali wanampandishia bendera. Alisema kwa upole. Nikadhani amemkumbuka." Pumzi ilimpanda. "Nilifurahi. Nilidhani moyo wake umelainika. Amefanya nini?"

Vibeke alikata simu.

"Uwanja wa utelezi umefungwa wiki hii," Kresten alisema, macho barabarani. "Wanabadilisha mabomba. Binti yangu alikuwa na zamu jana, ikaahirishwa. Lakini walimu wote wana funguo." Akakanyaga mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu Vibeke amfahamu, alikaa njia nzima bila kusema kitu.

Uwanja uko nje ya mji, kando ya msitu wa misonobari. Ni lami pana iliyopakwa utelezi, ambako kila anayetaka leseni lazima aje mara moja ajifunze jinsi gari linavyomponyoka. Geti lilikuwa wazi. Mwanga ulikuwa umefifia na taa za uwanja hazikuwashwa, ila taa mbili za gari zilikuwa zinazunguka katikati, zinazunguka, zinapinda ghafla, zinaserereka kando, kisha zinaanza upya. Juu ya paa la gari palikuwa na kibao cheupe cha shule.

Dereva alikuwa msichana.

"Ana pedali upande wake," Kresten alinong'ona. "Mwalimu ana breki na mafuta yake. Mtoto anashika usukani tu, mwendo anauamua yeye. Mungu wangu, anamfanyia hivyo makusudi."

Gari liliongeza mwendo kuelekea kwenye ukuta wa matairi, breki zikakamata, likazunguka kama sahani, likasimama. Kupitia kioo walimwona mwanamume anaegemea, anasema kitu kwa utulivu, anangoja jibu. Msichana akatikisa kichwa kukataa. Gari likaanza tena.

"Zima taa zako," Vibeke alisema. "Likisimama mara nyingine, liwekee pua mbele na mimi nashuka."

Lilisimama karibu sana na matairi. Kresten alilifunga kwa mbele, karibu bampa kwa bampa, na Vibeke alikuwa amekwisha fungua mlango wa upande wa mwalimu kabla mwanamume hajageuka. Preben Krogh alikuwa na sweta safi na nywele zilizochanwa. Hakuonyesha hofu. Alionyesha kuudhika kidogo, kama mtu aliyekatizwa darasani.

"Tuna somo," alisema. "Ametimiza kumi na saba. Ana haki ya kujifunza, na mimi ni baba yake. Nimempa zawadi."

"Toka."

"Ananieleza jinsi ilivyokuwa bafuni. Tulikuwa tunakaribia kuelewana. Kresten, wewe unanijua."

"Nilikujua," Kresten alisema, akamgeuza, akamfunga pingu. Akampeleka kando ya ukuta wa matairi, mbali na magari.

Sidsel hakuachia usukani. Vidole vyake vilikuwa vimekaza hadi vimepoteza rangi, na Vibeke ilimbidi avifungue kimoja kimoja, akimwambia jina lake, akimwambia gari limezimwa, limezimwa kabisa. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha mti. Mwingine ulikuwa na soksi iliyolowa, nyeusi kwa lami.

"Sikusema," Sidsel alisema. "Alitaka niseme niliteleza. Sikusema."

"Najua. Tulikuona."

Walimweka kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, blanketi mabegani. Gudrun alipiga magoti nje, mlango wazi, akaanza kumvalisha buti. Alivua soksi mbovu, akaupangusa mguu kwa ncha ya blanketi, akaufutafuta hata ulipokwisha kuwa mkavu. Hakuthubutu kuinua uso.

"Nisamehe," alisema kwenye ule mguu. "Uliniambia hutaki. Nilidhani unaona haya."

"Niliiona nilipofungua pazia," Sidsel alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na haikuwa na lawama yoyote. "Nikajua atakuja. Nilijua hapohapo."

Gudrun aliinua uso. "Mbona hukuniambia? Ningeishusha dakika ileile. Mbona hukusema, mwanangu?"

"Mlikuwa mmesimama wote pale chini mnaimba. Maiken alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona Maiken anacheka." Alivuta pumzi. "Nikasema ngoja tukate keki, halafu niende kuishusha mwenyewe. Nilitaka kutoka mapema, lakini nyinyi mliimba tena. Na nilitaka niwe peke yangu, ili akifika asimkute Maiken."

Vibeke alikuwa amekaa mbele na kinasa sauti mkononi. Alikuwa na swali la kuuliza, swali la lazima, kuhusu saa na mahali na maneno aliyoambiwa. Alikizima kinasa sauti, akakiweka kwenye dashibodi. Nyuma yake alisikia Gudrun anafunga kamba za buti, anazifungua, anazifunga tena.